Bomba Dogo Lililomo Ndani ya Gurudumu

Kila mwaka katika mwezi wa Mei, mji mdogo wa Fort William, ulioko katika nyanda za juu za Uskoti, hujaa pikipiki nyembamba ambazo viti vyake ni vidogo hata mtu hudhani vimesahauliwa kiwandani. Waendeshaji wake hawaji kushindana mbio. Kwa muda wa siku sita hupanda ngazi za mawe, huvuka vijito vyenye maji ya baridi kali, hupita juu ya mizizi na matope, huku wakiwa wamesimama juu ya vikanyagio. Katika kila kipande cha njia kilichotengwa, mwamuzi husimama kando akitazama miguu. Mguu ukigusa ardhi mara moja, mpandaji huandikiwa alama moja ya kosa. Akishindwa kabisa kupita, huandikiwa tano. Mwenye alama chache kuliko wote ndiye mshindi. Mchezo huo huitwa trayali, na pikipiki zake huitwa pikipiki za trayali.

Mwaka 1965 mashindano hayo ya siku sita yalichukuliwa na Sammy Miller, mzaliwa wa Belfast katika Ireland ya Kaskazini, akiwa juu ya Bultaco Sherpa T, pikipiki nyepesi ya Kihispania ambayo yeye mwenyewe alishiriki kuibuni. Kabla ya hapo watu walikuwa wamezoea kuona pikipiki nzito za Kiingereza zikitamba katika vilima vile. Kampuni nyingine zilifuata njia hiyo ya wepesi, na Mick Andrews, Mwingereza, aliishindia Yamaha ya Japani katika mwaka 1974 na tena 1975. Leo mashine za miaka ile zimefikia umri wa mtu mwenye wajukuu, wala hazijatupwa. Huko Kinlochleven, si mbali na Fort William, hufanyika hata mashindano maalumu ya pikipiki za muundo wa kabla ya 1965. Mwenye kumiliki mashine ya namna hiyo hana budi kuwa nusu fundi, kwa kuwa vipuri vyake havining'inii katika kila duka.

Jambo hili si geni kwa jamaa za askari. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, 1939 hadi 1945, matarishi wa jeshi la Uingereza walibeba maagizo kwa pikipiki katika njia mbovu na usiku wa giza. Hadi hivi leo yuko polisi wa doria, yuko bwana shamba, yuko kijana wa bodaboda, na wote hutegemea magurudumu mawili yaliyojengwa kwa kanuni ile ile iliyojenga Sherpa ya Miller. Kwa hiyo maelezo yafuatayo, ingawa yanahusu mashine ya zamani ya milimani Uskoti, yataifaa pia ile inayolala barazani.

NDANI YA KITOVU

Katikati ya gurudumu pana kitovu, ambacho katika pikipiki hizi kwa kawaida ni cha alumini. Ndani ya kitovu, kila upande, imekazwa beringi. Kila beringi ina pete mbili za chuma kigumu, moja ya nje na moja ya ndani, na baina yake hubingirika gololi. Pete ya nje imekamatwa na kitovu na huzunguka pamoja na gurudumu. Pete ya ndani husimama tuli pamoja na ekseli, yaani ule mchi wa chuma unaopita katikati na kufungwa kwa nati.

Baina ya beringi hizo mbili, mahali pasipoonekana hata na mtu anayechungulia, limo bomba fupi la chuma ambalo ekseli hupita ndani yake. Mafundi huliita spesa ya ndani. Halizunguki, halina meno, halina hata namba ya kulitambulisha, na bei ya kulikerezesha ni ndogo. Kwa sababu hizo hudharauliwa. Wako watu ambao, baada ya kufungua gurudumu na kubakiwa na bomba mkononi, huamua kwamba lilikuwa la ziada.

Dharau hiyo ina hatari kubwa, na sababu yake yataka kuelezwa kwa utulivu. Nati ya ekseli inapokazwa, nguvu yake husafiri. Hutoka katika nati ikaingia katika mguu wa foku, kisha katika spesa ya nje, kisha katika pete ya ndani ya beringi ya kwanza, kisha katika lile bomba, kisha katika pete ya ndani ya beringi ya pili, kisha spesa ya nje ya upande wa pili, na mwisho mguu wa pili wa foku. Vyote hivyo husimama kama nguzo moja iliyobanwa kichwani na miguuni. Gololi hazimo katika nguzo hiyo. Ziko kando yake, huru, zikibeba uzito wa pikipiki na mtu wake tu.

Liondolewe bomba, au liwe fupi kuliko inavyopaswa, na nguzo hukatika katikati. Pete za ndani sasa hazina kitu cha kuegemea; nati ikikazwa husukumwa kuelekeana, ilhali pete za nje zimezuiliwa na mabega ya kitovu. Mzigo wote huangukia gololi, tena kwa ubavu. Hesabu ya kawaida ya mafundi huonyesha kuwa ekseli ya kipenyo cha milimeta 15, ikikazwa kwa nguvu ya niutoni-mita 50, hubana kwa zaidi ya tani moja na nusu. Beringi ndogo ya namba 6202, ambayo ni ya kawaida sana katika magurudumu ya pikipiki, imeundwa kustahimili mzigo wa kusimama usiofikia kilo 400. Mtu anayekaza nati juu ya kitovu kisicho na bomba hujidhania anafunga gurudumu barabara, kumbe anaziponda gololi kabla ya safari kuanza. Gurudumu la namna hiyo hupata joto, grisi huyeyuka na kutoka, na hatimaye beringi huvunjika au hukwama. Likiwa ni gurudumu la mbele, mpandaji hapati nafasi ya kuuliza kilichotokea.

DALILI

Adui wa kwanza wa beringi katika trayali ni maji. Kitovu chenye joto la breki kikizamishwa ghafula katika kijito cha baridi, hewa iliyomo hujikunyata na kuvuta maji ndani kupitia sili zilizochakaa. Maji hayo hubaki humo hata gari lililobeba pikipiki lifike nyumbani, hata wiki ipite. Wale wanaoosha pikipiki kwa mashine za maji ya kasi, wakielekeza mdomo wa bomba moja kwa moja kwenye kitovu, hufanya kazi ya kijito kwa hiari yao.

Kuchunguza ni rahisi. Gurudumu liinuliwe lisiguse chini, kisha rimu ishikwe juu na chini na kutikiswa, mkono mmoja ukivuta na mwingine ukisukuma. Beringi nzima hazichezi kamwe kiasi cha kuhisiwa na mkono. Mchezo mdogo katikati huwa mkubwa ukingoni, kwa kuwa rimu iko mbali na kitovu. Lakini tahadhari yahitajika: gurudumu la nyuma laweza kutikisika kwa sababu ya vichaka vya mkono wa nyuma vilivyolika, na la mbele kwa sababu ya beringi za usukani. Njia ya kutofautisha ni kutazama pale kitovu kinapokutana na mguu wa foku au mkono wa nyuma. Vikisogea pamoja, kosa liko kwingine. Kitovu kikisogea peke yake, kosa liko ndani yake.

Baada ya gurudumu kutolewa, kidole kiingizwe katika pete ya ndani na kuizungusha polepole. Kidole husikia mchanga na kutu mapema kuliko sikio.

KUTOA

Kabla ya kitu chochote kuondolewa, mpangilio wa spesa za nje uchorwe katika karatasi, au upigwe picha kwa simu. Spesa ya kushoto na ya kulia mara nyingi hufanana kwa umbo na kutofautiana kwa urefu, na aliyezichanganya atakuja kulaumu mnyororo.

Jambo la pili lahusu afya ya nyumba nzima. Breki shuu za pikipiki za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake likivutwa pumzini huharibu mapafu baada ya miaka mingi. Dramu isipulizwe kwa mdomo wala kwa hewa ya kujazia matairi. Ipanguswe kwa kitambaa kilicholowa maji, kitambaa hicho kifungwe katika mfuko na kutupwa, na watoto wasiwepo.

Kisha sili zing'olewe, na klipu inayoizuia beringi iondolewe kwa koleo lake. Katika baadhi ya pikipiki za Kiingereza, badala ya klipu ipo pete yenye hesi, na nyingine kati ya hizo hufunguka kwa kuzungushwa kinyume cha desturi. Kabla ya kutumia nguvu, hesi zitazamwe zimeelekea wapi. Gurudumu lilazwe juu ya vipande viwili vya mbao vilivyokibeba kitovu chenyewe. Lisilazwe juu ya spoki, wala juu ya ukingo wa dramu.

Bomba la ndani, kwa kawaida, laweza kusukumwa kidogo pembeni kwa bisibisi, hata sehemu ndogo ya pete ya ndani ya beringi ya chini ikaonekana. Hapo huwekwa mchi wa chuma wenye ncha butu na kugongwa kwa nyundo, mara upande huu, mara upande wa pili, ili beringi ishuke sawasawa bila kwenda mshazari. Beringi ya kwanza ikianguka, bomba huanguka nayo, na ya pili hutolewa kwa upesi. Kitovu kikikataa, kipashwe moto kwa maji yanayochemka, na kazi ianze tena. Kuongeza ukubwa wa nyundo si dawa.

Beringi iliyotolewa kwa kugongwa pete ya ndani imekwisha kazi, hata ikiwa bado yazunguka vizuri, kwa sababu kila pigo lilipita katika gololi na kuacha alama ndogo katika njia yake. Hii ndiyo sababu fundi mwangalifu hatoi beringi kwa udadisi tu. Hutoa akiwa amekwisha kununua mpya.

Ununuzi wenyewe hauna mafumbo. Namba imechongwa ubavuni mwa beringi, na mtindo wa namba hizo watambulika duniani kote. Katika 6202, tarakimu mbili za mwisho husema ukubwa wa tundu: 00 ni milimeta 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 tarakimu huzidishwa kwa tano, hivyo 04 ni 20. Kwa hiyo 6202 ina tundu la milimeta 15, kipenyo cha nje milimeta 35 na upana wa milimeta 11, iwe imetoka Göteborg, ambako kampuni ya SKF ilianzishwa mwaka 1907, au imetoka Japani. Herufi 2RS zikifuata, maana yake beringi ina sili za mpira pande zote mbili, na hiyo ndiyo ifaayo kwa mvuka vijito. ZZ ni vifuniko vya bati, ambavyo huzuia vumbi lakini si maji. Baadhi ya mashine za Kiingereza za zamani zina beringi za vipimo vya inchi. Hizo hazina badala ya karibu-karibu, na milimeta iliyo karibu na inchi bado si inchi. Kuhusu beringi bandia zilizofungwa katika visanduku vyenye majina makubwa, inatosha kusema kwamba bei ya ajabu ina sababu yake.

KIPIMO

Sasa bomba liko mezani, na hapa ndipo watu wengi hukimbia haraka kwenda kwenye nyundo. Yafaa kukaa hapa kwa muda.

Bomba liangaliwe ncha zake. Kama fundi aliyepita aligonga vibaya, ncha zitakuwa zimepasuka ukingo au zimepinda. Kama beringi za zamani zilikwama na pete za ndani zikazunguka, ncha zitakuwa zimelika na kung'aa kama kioo. Bomba lililolika hata nusu milimeta huonekana zima kabisa kwa macho.

Kinachotakiwa kujulikana ni umbali baina ya mabega mawili ya kitovu, yaani yale mapito ambayo pete za nje huegemea. Umbali huo haupimiki moja kwa moja, lakini hupatikana kwa kutoa. Kwa kalipa, hupimwa upana wote wa kitovu toka uso mmoja hadi mwingine; kisha, kwa ule ulimi mwembamba wa kalipa, hupimwa kina toka kila uso hadi bega lake. Tuseme upana ni milimeta 90, kina cha kushoto 13.0 na cha kulia 13.0. Umbali wa mabega ni 64.0. Bomba basi liwe na urefu wa 64.1 au 64.2, yaani lizidi kwa unywele mmoja au miwili. Likiwa na 63.7, gololi ndizo zitakazolipa tofauti.

Mtu atauliza kwa nini lizidi badala ya kulingana. Sababu ni kwamba kulingana kabisa hakupatikani katika karakana ya kawaida, na kati ya makosa mawili, la kuzidi kidogo halina madhara: beringi ya pili husimama mbali na bega lake kwa unywele tu, na alumini inayoikamata pembeni hutosha kuishika. Kosa la kupungua halina nafuu yoyote.

Bomba fupi halirefushwi kwa washa nyembamba, kwani washa hukunjwa na kutoka mahali pake. Lipelekwe kwa mkereza vyuma pamoja na kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi, naye alikereze jipya kwa chuma cha kawaida, ncha zake zikiwa sambamba. Ncha iliyokatwa kwa msumeno na kusawazishwa kwa tupa jikoni haiwi sambamba, na bomba la mshazari huipinda ekseli kila inapokazwa.

BIRIKA NA JOKOFU

Sehemu inayofuata hufanyika vizuri zaidi kwa idhini ya mwenye jiko. Vyombo viwili vya nyumbani hufanya hapa kazi ambayo nyundo kubwa haiwezi.

Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kitovu chenye tundu la milimeta 35, kikipashwa toka nyuzi 25 hadi nyuzi 95 za Selsiasi, hupanuka kwa zaidi kidogo ya sehemu tano za mia za milimeta. Beringi ya ukubwa huo ikilazwa katika friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri hupungua karibu sehemu mbili za mia. Jumla ni sehemu saba. Kubana kwenyewe baina ya beringi na kitovu kwa kawaida ni sehemu chache tu za mia, hivyo palipokuwa na kubana sasa pana nafasi. Beringi huingia kwa kusukumwa na vidole, au kwa pigo jepesi. Jambo la kupendeza ni kwamba kilima mashuhuri cha Kinlochleven kiitwacho Pipeline, ambacho kimewaangusha mabingwa wengi, kinafuata mabomba ya maji yaliyolisha umeme kiwanda cha alumini. Madini yale yale ndiyo yanayomsaidia fundi kwa tabia yake ya kutanuka.

Beringi ziwekwe katika friza usiku mzima, zikiwa zimefungwa katika mfuko wa nailoni ili zisishike unyevu, mbali na nyama. Kitovu, kikiwa kimekwisha kusafishwa kutu na grisi ya zamani, kimwagiwe maji ya birika yanayochemka, mara mbili au tatu, huku kimefunikwa kwa matambara yanayohifadhi joto. Mahali palipoinuka kama Kampala, maji huchemka karibu na nyuzi 96, zinatosha. Moto wa waziwazi usitumiwe. Vitovu vingine vya pikipiki za mashindano vilitengenezwa kwa aloi ya magnesi, ambayo ikishika moto haizimiki kwa maji, na kwa vyovyote ndimi za moto hudhoofisha alumini na kuharibu tairi. Vilevile, kitovu kilichosafishwa kwa petroli kikaushwe kabisa, nje ya nyumba, kabla ya kukaribia jiko.

Joto halingoji, kwa hiyo vitu vyote viwe tayari mkononi: beringi, bomba, nyundo, na soketi ya kusukumia. Soketi hiyo iwe na kipenyo cha kugusa pete ya nje peke yake. Kwa beringi ya milimeta 35 yafaa iliyo pungufu ya hapo kwa milimeta moja au mbili. Sheria ni moja wakati wa kuingiza: kisukumwe kile kinachobanwa. Kinachobanwa na kitovu ni pete ya nje, basi ndiyo isukumwe. Anayegonga pete ya ndani hupitisha nguvu katika gololi na kuiharibu beringi siku yake ya kwanza.

Maji yapanguswe upesi. Huanza beringi ya upande wenye klipu, nayo huingizwa mpaka iegemee bega. Sikio hutambua: mlio wa nyundo hubadilika toka mzito na kuwa wa kugonga mwamba. Klipu irudishwe katika mfereji wake. Gurudumu ligeuzwe, na hapo, kabla ya kugusa beringi ya pili, bomba liingizwe. Mtu aliyeharakisha akalisahau hukumbuka baada ya kazi yote kwisha, na njia ya kulirudisha ni kuziharibu beringi mpya mbili. Bomba lipakwe grisi nyembamba kuzuia kutu, na ekseli ipitishwe ili vyote vikae katika mstari mmoja.

Beringi ya pili huhitaji mkono mpole kuliko ya kwanza. Isukumwe kidogo kidogo, na kila baada ya pigo bomba lijaribiwe kwa bisibisi. Mwanzoni hucheza huru. Baadaye huanza kusita. Linapofika hatua ya kutosogea ila kwa kusukumwa kwa nguvu, pete ya ndani imeligusa, na kazi imekwisha. Pigo moja la kujiridhisha baada ya hapo huisukuma pete ya nje peke yake, na beringi hubanwa kwa ubavu, kosa lile lile la bomba fupi likiletwa kwa njia nyingine.

Hutokea kwamba beringi yaingia katika kitovu baridi kwa kidole, bila kubanwa kabisa. Ni ishara kuwa beringi iliyopita ilikwama na kulizungusha tundu. Wengine huchoma tundu kwa patasi ndogo ili kutoa vijipele vya kushikia. Vijipele hivyo hulainika katika safari chache na beringi huanza kuelea. Nafasi ndogo sana hujazwa kwa gundi maalumu ya beringi. Iliyo kubwa yahitaji mkereza alipanue tundu na kutia pete ya kujazia.

KURUDISHA GURUDUMU

Kabla ya kulipandisha gurudumu, jaribio moja lifanywe mezani. Ekseli ipitishwe pamoja na spesa zote, mabomba mengine yakishika nafasi ya miguu ya foku, na nati ikazwe. Gurudumu lizungushwe kwa mkono kabla ya kukaza na baada ya kukaza. Likizunguka sawa katika hali zote mbili, bomba ni la kweli. Likiwa zito baada ya kukaza, bomba ni fupi, na hakuna kiasi cha grisi kitakachobadilisha hukumu hiyo.

Spesa za nje zitazamwe pale midomo ya sili inapozigusa. Mara nyingi sili huzichimba mfereji, na kupitia mfereji huo maji hupenya hata sili ikiwa mpya. Msasa laini huondoa mkwaruzo mdogo. Mfereji mkubwa hudai spesa mpya. Vitovu vya zamani vyenye nipeli ya grisi visijazwe tena kwa pampu baada ya kutiwa beringi za 2RS, maana grisi ikikosa pa kwenda hufuata njia ya breki shuu.

Katika gurudumu lenye dramu, sahani ya breki hushikiliwa na mkono au ulimi unaoizuia isizunguke. Hiki ni kiungo kidogo kingine cha kufisha. Kikisahaulika, mguso wa kwanza wa breki huizungusha sahani, huvuta waya, na hulifunga gurudumu papo hapo. Bolti yake ikazwe kabla ya mnyororo kurekebishwa.

Mbele, palipo na bolti ya kubana ekseli chini ya foku, nati ya ekseli hukazwa kwanza. Kisha pikipiki ishushwe, breki ishikwe, na foku ibonyezwe mara kadhaa ili miguu yake ijitafutie mahali. Bolti ya kubana hufuata baadaye. Anayeanza na bolti hiyo huilazimisha miguu ya foku kusimama ilipo, na foku inayosuguana na nafsi yake haitii katika ngazi za mawe.

Nyuma, mnyororo utazamwe kutoka juu: uende katika mstari ulionyooka toka sproketi hadi sproketi. Ukienda mshazari wakati virekebishi viko sawa, spesa za nje zimebadilishana pande, na ule mchoro wa mwanzo utaeleza ipi ni ya wapi.

Safari ya kwanza iwe fupi, kilometa nne au tano za mahali tambarare. Mwishoni, kiganja kiwekwe katikati ya kitovu kila upande, karibu na ekseli. Joto la breki hukaa katika dramu na ni la kawaida. Joto linalokaa katika pete ya beringi, upande mmoja zaidi ya wa pili, halina maelezo mazuri, na gurudumu lifunguliwe siku hiyo hiyo. Nati ipigwe alama ya rangi ili ikilegea ionekane kwa macho, na ikaguliwe tena baada ya kijito cha kwanza. Beringi zilizotolewa zisitupwe zote. Moja isagwe pete yake ya nje kwa msasa mpaka iingie na kutoka katika kitovu bila kubanwa, itiwe mafuta na kuwekwa pamoja na spana, pamoja na karatasi yenye urefu wa bomba. Itasukumia beringi mpya safari ijayo vizuri kuliko soketi yoyote.